Mlima hufunguliwa kwa nauli

MTAZAMO WA WIKI
Na Salum Kheri

Kila siku basi la ghorofa namba 15 huondoka karibu na gati za Central, Hong Kong, likapita mitaa iliyosongamana ya Wan Chai, kisha likaanza kupanda mlima kwa barabara ya Stubbs. Kona ni kali, matawi hukwaruza madirisha ya juu, na bondeni uwanja wa mbio za farasi wa Happy Valley huzidi kuwa mdogo. Mwisho wa safari ni Victoria Peak, karibu mita 400 juu ya bahari, penye mandhari ya bandari inayosifiwa dunia nzima na nyumba za bei isiyosemeka. Kwa nauli ya kawaida ya mjini, mtu yeyote anafika.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Wakoloni wa Kiingereza waliukimbilia mlima huo kwa ubaridi wake, wakipanda kwa machela huku Wachina wakiwabeba mabegani. Mwaka 1888 ilianza treni ya kuvutwa kwa waya, yenye madaraja matatu ya abiria. Baadaye viti viwili vya mbele vikawa akiba ya gavana. Mwaka 1904 ikatungwa sheria iliyowazuia Wachina kuishi huko bila kibali cha gavana. Watumishi wa nyumbani waliachwa wakae, maana nani angepika na kufua? Ubaguzi huo wa kisheria ulidumu hadi 1946.

Msomaji wa Nairobi asidhani hayo ni ya mbali. Profesa W. J. Simpson, daktari aliyechunguza tauni ya Hong Kong na kutoa ripoti mwaka 1903, ndiye aliyetumwa Afrika Mashariki mwaka 1913. Akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe maeneo yao, eti kwa ajili ya afya. Nairobi ilikua kwa fikra hizo: vilima vya hewa safi vya Mzungu, tambarare ya mashariki ya Mwafrika.

Barabara ya magari ilifika Peak miaka ya 1920. Kampuni ya China Motor Bus ndiyo iliyoendesha namba 15 hadi 1998. Ikaipokea New World First Bus, na tangu Julai 2023 ni ya Citybus. Wenye mabasi wamebadilika, njia haikukatwa. Treni hufika kwa dakika chache kwa nauli ya mtalii. Basi huchukua nusu saa na zaidi, lakini humfaa mwanafunzi, mpishi anayekwenda kazini, na mzee wa miaka 65 ambaye mpango wa serikali wa 2012 ulimwezesha kusafiri kwa dola 2 za huko.

Wapo watakaosema basi halijampa maskini nyumba Peak. Kweli, bei imeshika kazi iliyokuwa ya sheria. Lakini kutazama bahari hakuhitaji hati ya kiwanja, na basi la umma huwakumbusha wenye majumba kwamba mlima si ua wao.

Kwetu, vilima vinaota hoteli na migahawa. Kwenye ramani utaona maegesho ya magari, ila kituo cha daladala au matatu hukioni. Asiye na gari hupanda kwa bodaboda kwa bei ya kukomoa, au habanduki nyumbani. Halmashauri na kaunti zinazotoa vibali zinaweza kulimaliza hili: kibali kisitoke mpaka kituo, njia na ratiba viandikwe, pamoja na gari la mwisho la usiku. Mwekezaji akidai kwamba njia hiyo hailipi, aulizwe wapishi na wahudumu wake watapandaje huko juu kila asubuhi.