Doraemon hafundishi uvivu

Jamani, eti katuni za Doraemon zinawafunza watoto uvivu! Wanaodai hivyo wamesoma kurasa ngapi? Tangu Fujiko F. Fujio aanze kumchora katika majarida ya watoto ya Japani, matoleo ya Januari 1970, mchezo ni uleule: paka wa roboti (anayeogopa panya, mashine gani hiyo!) anatoa kifaa mfukoni, Nobita anakitumia kwa tamaa, kinamgeuka. Kisha Doraemon anamkaripia na kubaki naye.

Sasa linganisha na tableti za darasa la kwanza zilizoanza kugawiwa 2016, baadhi kupitia Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret. Kelele zote zilikuwa za kifaa. Mtoto wa Ziwa akikosea jibu, nani anakaa naye? Waliozipigia debe wanijibu hilo kwanza, ndipo wamguse paka wangu.