BAM, mtoto wa kambo wa kidato cha tano na sita

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, wadau. Nataka tuongee kuhusu BAM. Waliopita PCB, CBG, ECA na HGE wanaijua vizuri. Waliosoma PCM na EGM wanaijua kwa kuicheka. Wa HKL wao wanajua tu kwamba waliponea chupuchupu.

Kwa asiyejua, BAM ni hisabati tumizi za msingi, somo la ziada analopewa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita ambaye tahasusi yake inahitaji hesabu lakini hasomi zile hisabati nzito za wenzake wa PCM. Ndiyo hisabati ya mwisho darasani kwa watu wengi ambao kesho watakuwa madaktari, wachumi, maafisa mipango, na waandishi wa habari kama sisi. Nami naamini ndilo somo tunalolifundisha ovyo kuliko yote.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, magazeti yetu yanapiga kilio kile kile cha hisabati. Ni kilio cha haki. Kwa miaka mingi waliofaulu somo hilo wamekuwa wakizunguka kwenye mmoja kati ya watano. Ila kilio kikiisha, tunajifanya kwamba walioenda kidato cha tano wameokoka. Wameokoka wapi? Anayepangiwa HGE kwa nguvu ya historia yake na jiografia yake anaweza kuingia na F ya hisabati mfukoni, halafu wiki ya kwanza anakutana na fanksheni na logarithi.

Sasa tazama hesabu anayopiga mwanafunzi huyo. Divisheni inahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi. BAM haimo. Alama 35 zinatosha kumpa S. Na hata hiyo S akiikosa, zipo kozi za chuo kikuu ambazo vigezo vyake vinasema D ya hisabati ya kidato cha nne inafidia. Kijana mwenye akili timamu atafanya nini? Ataiacha BAM afe na baiolojia. Yaani hesabu sahihi kuliko zote anayoipiga kwa miaka miwili ni ile inayomwambia asisome hesabu!

Shule nazo zinapiga hesabu hiyo hiyo. Mwalimu wa hisabati akiwa mmoja au wawili, wanapewa PCM, maana huko ndiko shule inakotafuta jina. Shuleni kwetu vipindi vya BAM vilikuwa vya mchana, baada ya ugali na maharage, tahasusi tatu zimerundikwa ukumbi mmoja. Mwalimu anaandika fomula, anatatua swali moja, anafuta ubao. Difarensiesheni tuliijua hivi: kipeo unakishusha mbele, halafu unapunguza moja. Basi. Ukiuliza hiyo namba inayopatikana inasema nini kuhusu kitu chochote duniani, unaonekana unachelewesha darasa. Karibu na mtihani zinatolewa pasti pepa za miaka mitano, mnakariri njia. Ni ule ule ugonjwa wa MAGAZIJUTO ya shule ya msingi. Kila Mtanzania anaikumbuka, lakini muulize kwa nini kuzidisha kutangulie kujumlisha uone atakavyokutazama.

Siwalaumu walimu peke yao. Uhaba ni wa kweli, na kila tunapotaka kuuziba tunauziba mbio mbio. Miaka ya 2006 na 2007, shule za kata zilipofumuka, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakasukumwa madarasani. Mtaani wakaitwa Voda Fasta. Mwaka 2014 ikaanzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakaambiwa warudi makwao baada ya wahadhiri kuacha kuwafundisha. Katika hali hiyo, nani atamkumbuka mwalimu wa BAM?

Kinachoniuma ni kwamba ndani ya silabasi hiyo hiyo kuna takwimu na probabiliti, na mambo haya yanagusa watu kila siku. Chukua mwanafunzi wa PCB ambaye kesho ni daktari. Watu 1,000 wanapimwa ugonjwa ambao wanao 10 tu. Kipimo kinawakamata wagonjwa 9 kati ya hao 10, lakini pia kinawasingizia asilimia 10 ya wazima, yaani watu 99. Waliokutwa "nao" jumla ni 108, na wagonjwa wa kweli humo ni 9. Mmoja kati ya 12! Daktari asiyeliona hilo atamwambia mama wa watu habari ya kumvunja moyo bila hata kushauri kipimo cha pili.

Au mkopo. Umekopa shilingi 1,200,000, unarudisha 100,000 kila mwezi pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikipigwa kwenye mkopo wa mwanzo muda wote, utalipa riba ya 288,000 kwa mwaka. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, ni 156,000. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 2, na tofauti ni shilingi 132,000. Walimu wangapi wenyewe wamesaini bila kuuliza ni ipi?

Na sisi wa vyumba vya habari tusijifanye wasafi. Ufaulu ukitoka asilimia 20 kwenda 25, tunaandika "umepanda kwa asilimia 5". Si kweli, umepanda kwa robo nzima ya ulivyokuwa. Mhariri anapitisha, msomaji anameza.

Najua nitaambiwa vijana wa PCB wamelemewa, wana maabara, wana masomo matatu mazito. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi waongezewe. Wapunguziwe. Mbinu za intigresheni ambazo mtu wa HGE hatazigusa tena maisha yake zipungue, takwimu, probabiliti na riba zije mwanzo na zipewe muda. Mtihani uulize jibu lina maana gani, usiishie kuuliza jibu ni ngapi. Mwaka 2024 Serikali ilipotangaza tahasusi 65 tulibishana sana kuhusu zile za dini, muziki na michezo. Sikusikia mtu akiuliza hao wote watasoma hesabu gani, na nani atawafundisha.

Hayo ya silabasi na mtihani yatasubiri vikao. Kuitoa BAM mchana na kuipa kipindi cha pili asubuhi, hapana. Hilo halina bajeti wala sera. Mwalimu wa taaluma achukue rula, achore ratiba upya, Jumatatu ianze.