Jasho la Mpiga Gitaa Nalo ni Jasho

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Mbaraka Mwinshehe alikuwa mchezesha dansi tu. Hiyo ni kasumba. Mwana huyo wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1944, ndiye aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa mkuu wa Morogoro Jazz, bendi iliyoiwakilisha nchi katika Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, hakuwa ametimiza miaka 35.

Lakini kumsifu hakutoshi. Santuri zake, ikiwemo ile mashuhuri ya “Shida”, zilitengenezwa Kenya, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Taifa lililohubiri kujitegemea likaiuza sauti ya mwanawe kama pamba ghafi, kisha likainunua kama shati! Na sheria iliyoweka chombo cha kusimamia mapato ya wasanii ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya mazishi yake.

Mwalimu anayewafundisha watoto kwamba jasho la mkulima lisinyonywe, na awafundishe kuwa jasho la mpiga gitaa nalo ni jasho. Mtumishi wa umma anayeombwa kibali cha kurudufu kanda za zamani, na aulize kwanza: warithi watapata nini? Asiyeuliza hivyo anashiriki unyonyaji, hata kama nyimbo hizo anaziimba kwa moyo.