Hamu ya Nyumbani si Udhaifu

Katika mabweni mengi, mtahiniwa anayelia usiku kwa kuwakumbuka wa kwao huchekwa. Huulizwa kama bado ananyonya. Kwa maoni yangu, kicheko hicho hudhuru masomo kuliko hamu yenyewe.

Hamu ya nyumbani haimpati mwanafunzi wa kidato cha kwanza pekee. Mtahiniwa wa kidato cha nne naye ana yake: mama mgonjwa, karo ambayo haijakamilika, ndugu wadogo wasio na wa kuwaangalia. Mwaka 2016, aliyekuwa Waziri wa Elimu nchini Kenya, Fred Matiang'i, alipiga marufuku ziara za wazazi, likizo fupi na ibada za maombi shuleni katika muhula wa tatu. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa mtihani wa KCSE wa 2015 ulikumbwa na udanganyifu mkubwa. Hata hivyo, kumzuia mzazi asiingie shuleni si lazima kuwe kumzuia mtoto asiisikie sauti yake.

Wapo wasemao kwamba simu ya nyumbani huchochea majonzi. Ni kweli, mwanafunzi huweza kulia baada ya kuzungumza na mama yake. Lakini asiyejua hali ya mgonjwa wao hufungua kitabu, akatazama ukurasa mmoja saa nzima na asielewe neno. Mwingine hujifanya mgonjwa ili apewe ruhusa, kisha akapoteza wiki ya marudio. Dakika 5 za simu kila wiki, mbele ya mwalimu, zingemtuliza bila kuhatarisha siri ya mtihani.

Kwa hiyo, shule zitenge nafasi hiyo. Nawe mtahiniwa usikae kimya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze mwalimu wa ushauri nasaha kile hasa unachohofia. Mara nyingi anayesema "nataka kwenda nyumbani" hutaka kujua tu mama anaendeleaje, na swali hilo lina jibu. Hamu huzidi jioni na Jumapili, wakati usio na kazi. Zipangie saa hizo michezo au mjadala wa kikundi. Na ukimsikia mwenzako akilia, usimcheke. Mwamkie asubuhi, mwandamane hadi kwa mwalimu.