Maziwa hayakukauka



Juma lililopita tulimaliza habari ya moyo na damu, na tuliwaahidi kwamba leo tutaongea juu ya mishipa ya fahamu. Ahadi tutaitimiza, lakini kwa njia ambayo hatukuipanga. Siku ya posho, tulipokuwa tunatoka katika likelemba yetu, tuliitwa mbio katika parsela moja huku Kadutu. Tulikuta mama kijana, mtoto wake wa kwanza ana majuma matatu. Usiku ule risasi zililia karibu na nyumba yao, naye alikesha chini ya kitanda, mtoto kifuani. Asubuhi mtoto alinyonya, akaachilia, akalia. Akanyonya tena, akalia zaidi. Matiti yalikuwa yamejaa hata yanauma, lakini maziwa hayakutoka.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa amekwisha kutuma mtu atafute maziwa ya ng'ombe. Jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni, akisema kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu anaisikia, kwamba maziwa ya mke hukauka hivi akiwa na mwanaume mwingine inje. Mume alikuwa uani. Hakusema neno, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko maneno ya jirani.

Basi tuanze na goti. Wanafunzi wetu wa sekondari wanapenda sana somo hilo. Tunamkalisha mmoja juu ya meza, miguu ikining'inia, tunampiga kidogo chini ya goti, na mguu unaruka wenyewe. Darasa lote linacheka. Mtoto anaapa kwamba hakutaka kupiga teke, na anasema kweli. Habari ilitoka gotini, ikapanda kwa mshipa wa fahamu mpaka ndani ya uti wa mgongo, na amri ikarudi palepale bila kungoja ruhusa ya ubongo. Ni vile pia unapogusa mbabula yenye makala ya moto: mkono umekwisha kurudi, ndipo unasikia uchungu. Jambo hilo Wafaransa wanaliita refleksi. Mwili unajibu, na mwenye mwili hakuulizwa.

Kutoka kwa maziwa ni refleksi pia. Wamama wengi wanafikiri titi ni kama bidoni: kama limejaa, mtoto avute tu, yatatoka. Sivyo. Maziwa yanakaa ndani ya vifuko vidogo sana, na kila kifuko kimezungukwa na nyuzi za nyama zinazoweza kukikamua. Mtoto peke yake hawezi kuyavuta yote kutoka huko ndani. Yeye anabisha mlango. Anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao unaipandisha mpaka ubongoni. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya haragi, inayoitwa ipofizi. Hiyo ndiyo inayotoa jibu.

Lakini jibu halirudi kwa mshipa wa fahamu. Linarudi kwa damu, na hapo refleksi hii inaachana na ile ya goti. Mshipa wa fahamu ni kama simu: unaongea na mtu mmoja, na anasikia mara moja. Homoni ni kama barua iliyopakiwa katika mashua ya kutoka Goma kuja Bukavu. Inapita kila mahali ambapo maji yanapita, lakini anayeifungua ni yule tu ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Homoni hii inaitwa oksitosini. Moyo unaisukuma pamoja na damu mwilini mwote, mpaka inafika kwenye zile nyuzi za titi, zinabana, na maziwa yanashuka. Ndiyo sababu mtoto ananyonya kwanza haraka haraka bila kumeza sana, karibu dakika moja au zaidi kidogo, kisha unaanza kumsikia anameza. Hiyo dakika ni safari ya mashua.

Kuna homoni ya pili, prolaktini, inayotoka katika tezi hiyo hiyo. Kazi yake ni kutengeneza maziwa ya mlo unaofuata. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo inavyotoka, na usiku inatoka zaidi. Anayesema "nimwachie titi lipumzike lijae" anafanya kinyume cha kile anachotafuta.

Sasa, kwa sababu njia hiyo inapita ubongoni, ubongo unaweza kuifungua na unaweza kuifunga. Ninyi wenyewe mnajua kuifungua. Uko sokoni unauza sambaza, unasikia mtoto wa mwingine analia, na kitenge chako kinaloa. Nani alikugusa? Hakuna. Kuifunga ndiko tunakosahau. Hofu, maumivu makali, haya, ugomvi nyumbani: mwili unajitayarisha kukimbia, homoni ya hofu inajaa katika damu, na ile ya maziwa inazuiliwa. Maziwa yako mule ndani. Anayekosekana ni mwenye kufungua mlango.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1948 huko Marekani, Michael Newton na Niles Newton walitoa matokeo ya majaribio juu ya mama mmoja anayenyonyesha. Siku fulani walimwacha anyonyeshe kwa utulivu. Siku nyingine walimsumbua makusudi: miguu ndani ya maji ya barafu, maswali ya hesabu, maumivu ya vidole vya miguu. (Sisi walimu tuliposoma kwamba hesabu iliwekwa pamoja na barafu, tulijiona kidogo.) Siku za utulivu mtoto alipata wastani wa gramu 168 za maziwa. Siku za kusumbuliwa, gramu 99. Kisha wakamsumbua vilevile, lakini wakampa sindano ya oksitosini, na mtoto akapata 153. Mama ni yuleyule na titi ni lilelile. Kama maziwa yangekuwa yamekauka, sindano ingeyatoa wapi?

Basi mama yetu wa Kadutu, usiku ule alikuwa na kitu kibaya kuliko barafu. Asubuhi, kabla hajapumua, akaongezewa mashitaka ya uzinzi. Tulimwomba jirani, kwa heshima, aende akaangalie chakula chake kama hakijaungua. Tulimwomba mume aingie, akae karibu na mke wake. Tulimvua mtoto nguo, tukamlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili. Mmoja wetu alimsugua mama mgongo, kuanzia shingo kushuka, pande mbili za uti wa mgongo. Mwingine alimwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya titi. Chai ilikuja. Tuliongea mambo mengine, hata ya bei ya makala. Mtoto alilala, akaamka, akatafuta titi mwenyewe. Karibu saa sita tulimsikia anameza. Mume alisikia pia. Alitoka akachukua bidoni mbili, akaenda kuteka maji, kazi ambayo tunaambiwa hajawahi kuifanya tangu harusi.

Tuseme pia mpaka wa somo hili. Mtoto asiyekojoa, anayelala hata haamki kunyonya, au mwenye homa, hapelekewi kitambaa cha uvuguvugu, anapelekwa kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha, akipita siku tano za kwanza, analowesha nguo mara sita au zaidi mchana na usiku, na kilo zake zinapanda. Hivyo ndivyo vipimo. Kilio peke yake si kipimo, kwani mtoto analia kwa mambo mengi. Na maji, maji ya sukari au uji mbele ya miezi sita havimsaidii: vinajaza tumbo lake dogo, ananyonya kidogo, na mlango hauna wa kuubisha.

Oksitosini ina barua nyingine, nayo inaenda kwenye kizazi. Mliozaa wengi mnajua yale maumivu ya tumbo yanayokuja mtoto anaponyonya siku za kwanza, na kwamba kwa mtoto wa tano yanauma kuliko kwa wa kwanza. Ni kizazi kinachojikunja. Mwishoni mwa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye kizazi kila dakika. Kondo ya nyuma ikitoka, mishipa ile yote inabaki wazi, na kinachoifunga ni nyama ya kizazi yenyewe, inayoibana kama mkono unavyobana nguo iliyofuliwa. Kizazi kikilegea, mama anaweza kuisha kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mzalishaji anapokuchoma sindano ya paja mara tu mtoto anapotoka, usikatae, ukisema umekwisha kuzaa, sindano ni ya nini. Ni oksitosini ileile, kipimo cha 10. Kumweka mtoto kwenye titi mapema ni vizuri sana, lakini hakushiki nafasi ya sindano hiyo.

Na sasa deni letu. Mwaka jana, katika ukurasa huu, tuliandika kwamba mama anayenyonyesha hapati mimba. Tuliandika vile tu, sentensi moja. Mama mmoja wa kikundi chetu aliisoma, akaiamini, na mtoto wake akiwa na miezi minane akapata mimba nyingine. Hakutugombeza. Alikuja na gazeti mkononi, akaweka kidole juu ya sentensi ile. Tunamwomba msamaha mbele yenu wote.

Ukweli ni huu. Kunyonya kwa mara nyingi kunatuliza ile sehemu ya ubongo inayoamuru yai likomae, na mayai yanangoja. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana kwamba kinga hiyo inapita asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafika miezi sita, anakula maziwa ya mama tu au karibu tu, mchana na usiku, na mama hajaona mwezi tangu alipozaa. Moja likianguka, tafuta njia nyingine siku hiyo, si mwezi ujao. Mama yule mtoto wake alikuwa na miezi minane na alikula uji mara tatu. Masharti mawili yalikuwa yameanguka. "Lakini sikuwa nimeona mwezi," alituambia. Yai hutoka kwanza, na damu hufuata karibu majuma mawili nyuma, kama halikupata mbegu. Anayengoja damu ndipo ajikinge, anaweza kukuta yai la kwanza limempita.

Tunarudi Kadutu, kwa sababu habari haikuishia saa sita. Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe alitusindikiza mpaka barabarani. Alituuliza kama ni kweli hakuna mwanamke ambaye maziwa yake yanakosa kabisa. Tukamjibu kwamba wako, ni wachache. Wakati wa mimba ile tezi ya ipofizi inakua, na inataka damu nyingi. Mama akipoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa, tezi inaweza kukosa damu na sehemu yake ikafa. Mganga Sheehan wa Uingereza alieleza jambo hilo mwaka 1937. Maziwa hayaji, mwezi haurudi, na mama anabaki na uchovu na baridi mwilini miaka na miaka, bila kujua vinatoka wapi.

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba kitinda mimba wake, baba wa mtoto huyu, alimzaa nyumbani na damu ilijaa mkeka mzima. Maziwa hayakuja hata tone. Mtoto alikua kwa maziwa ya ng'ombe, na ukoo wa mume ulisema yale ambayo jirani alikuwa anasema asubuhi. Mwezi hakuuona tena. Hata jua likiwaka anavaa sweta.

Sisi ni walimu, si waganga, na hatuwezi kusema kama ni hiyo. Tulimwambia kwamba kuna kipimo cha damu, na kwamba homoni zilizopungua huweza kurudishwa kwa vidonge, hata baada ya miaka mingi. Siku ya tatu ijayo wawili wetu tutamsindikiza hopitali. Mkwe wake amesema atakuja pia, na mtoto mgongoni.