Mikono yetu, kiwanda chao

Wadau, kuna habari imeninyima usingizi. Nishangilie au ninune?

Kwa wasiozijua, kuna plasta zenye visindano visivyofika hata milimita moja. Unabandika kwenye ngozi, visindano vinayeyuka, dawa inaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akiwemo Joseph Wang, wakaongeza ujanja: walichanganya chembe za magnesi humo ndani. Zikikutana na majimaji ya ngozi zinatoa viputo vya haidrojeni, na viputo hivyo vinaisukuma dawa ipenye haraka na ndani zaidi. Matokeo yao ya mwaka 2020 ni ya panya wenye saratani ya ngozi, si ya watu.

Ila zile zisizo na magnesi zimeshajaribiwa kwa watu. Wapi? Gambia! Watu wazima 45 na watoto 240 walishiriki jaribio la plasta ya surua na rubela, likachapishwa na Lancet mwaka 2024. Zaidi ya asilimia 90 ya wachanga waliobandikwa walipata kinga ya surua. Safi sana. Na plasta yenyewe ilitengenezwa wapi? Marekani.

Hapo ndipo ninaponuna.

Mama yangu mdogo ni nesi wa zahanati. Nilipomweleza kwamba plasta hizi zinatarajiwa kuvumilia joto kuliko chanjo za chupa, akanikata kauli: "Zije hata kesho. Wewe kaa na siasa zako." Namwelewa, yeye ndiye anayehangaika na jokofu umeme ukikatika.

Lakini mama, umesahau 2021? Chanjo za korona zilikuwepo duniani, mikono yetu ilikuwa tayari, wenye viwanda wakajihudumia kwanza. Umoja wa Afrika ukaweka lengo: ifikapo 2040, asilimia 60 ya chanjo tunazotumia zitengenezwe hapa barani. Kwa teknolojia ipi, kama hata hii changa tunaisubiri bandarini?

Kwenye sindano tulichelewa. Kwenye plasta bado mbio hazijaisha. Serikali ya Afrika itakayoombwa jaribio lijalo iseme wazi: watoto wetu wakishiriki, leseni na ujuzi wa kutengeneza viandikwe kwenye mkataba kabla plasta ya kwanza haijabandikwa. La sivyo, tutakuwa tumeazimisha ngozi tu, halafu tupange foleni.

Au nakosea? Haya, nirekebisheni.