"Mama, samaki naye anakula plastiki?"

Asubuhi vyombo vinaporudi dikoni Wesha, watoto hufika kabla ya wachuuzi. Mmoja wao, aliyemfuata mama yake kununua fungu la changu, anaona mfuko ukielea karibu na mikoko. Anauliza: "Mama, samaki naye anakula plastiki?" Mama anamwambia anyamaze, wateja ni wengi. Lakini mtoto ameuliza jambo zito.

Plastiki haiozi. Jua na mawimbi huipasua ikawa vipande, vipande vikawa chembe, hadi jicho lisione tena. Chembe ndogo kabisa hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Nyingine hutengenezwa viwandani makusudi: za madini ya fedha kwenye soksi zisizonuka, za zinki kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Ukifua au ukioga, hushuka na maji.

Samaki hupumua kwa matamvua, na maji hupita humo usiku na mchana. Katika majaribio ya maabara, chembe za shaba ziliharibu matamvua, na za fedha zilidhuru samaki wakiwa bado ndani ya mayai. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walieleza walivyoweka chembe za plastiki kwenye maji yenye mwani. Vidudu vya maji vilikula mwani, samaki wakala vidudu. Chembe zilikutwa hadi kwenye ubongo wa samaki, nao wakawa wazito kula.

Hao walikuwa samaki wa maji baridi, tena ndani ya matangi, si wa mkondo wa Pemba. Kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto samaki. Ni chakula cha kumjenga mwili na akili, na kwa nyumba nyingi za Wesha ndicho kipato chenyewe. Cha kufanya kiko mikononi mwa familia:

• Toa matumbo na matamvua, osha samaki vizuri kabla ya kupika.

• Usitupe taka mikokoni. Humo ndimo samaki wengi hukulia wakiwa wadogo.

• Usichome plastiki uani. Moshi wake ni sumu, na majivu huishia pwani mvua ikinyesha.

• Betri zilizokwisha zisitupwe baharini wala kuachiwa watoto kuchezea.

• Nenda sokoni na kikapu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kabla ya Bara kufanya hivyo Juni 2019, lakini marufuku haifiki jikoni bila mzazi.

Na mtoto akiuliza tena, asinyamazishwe. Aambiwe ukweli: "Ndiyo mwanangu, anaila, kwa sababu sisi tunaitupa." Kisha mama na mwana wauokote ule mfuko kabla maji hayajajaa.